Gari imechemsha: kuchonga hedi, kufanya ovahoo au kununua injini ya mtumba?

Wakuu habari zenu. Mtu yeyote mwenye gari ya zamani hapa Arusha au Moshi hili lazima limkute siku moja, gari imechemsha njiani, imevutwa mpaka gereji, fundi kafungua boneti kaangalia angalia halafu anakwambia "boss, hii injini imekwisha, tafuta nyingine". Hapo ndo kichwa kinaanza kuuma maana shemeji anasema fanya ovahoo, jirani anasema ovahoo ni kutupa hela chukua mtumba wa Japani, fundi wa pili anasema mi nachonga hedi tu naweka gasketi mpya unaondoka. Wote watatu wanaweza kuwa sahihi na wote wanaweza kukupoteza, inategemea ni injini gani na vipimo vimesema nini. Inaniuma kuona watu wanamaliza ada za watoto kwenye gari kwa sababu waliamua kabla ya kupima, kwa hiyo naweka hapa hizo njia tatu tuzilinganishe vizuri. Kwa asiyejua, hedi ni kipande cha juu cha injini chenye valvu, bloku ni mwili wa chini wenye silinda, gasketi inaziba kati ya hao wawili, na ovahoo ni kuifungua injini yote na kuifanya upya.

Anza na vipimo, injini iache kwanza

Gari kuchemsha haina maana injini imekufa. Angalia inachemsha ukiwa wapi. Kama inachemsha kwenye foleni ya Kilombero au pale Sanawari, ila ukishika barabara ya Moshi ikapata upepo temperecha inashuka, hiyo ni kesi ya feni, washa AC uone kama feni inazunguka, kama haizunguki cheki fyuzi, rilei, waya na mota yenyewe. Kama foleni haina shida ila inachemsha kwenye mlima, tuseme unapandisha kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu au unatoka Moshi kwenda Marangu, hapo maji hayazunguki au hayapoi vya kutosha, inaweza kuwa rejeta imeziba ndani kwa kutu na magadi, au wota pampu mapanga yake yameliwa, au rejeta imeziba kwa nje. Hii ya nje inadharauliwa sana. Gari zinazoingia porini mbegu za majani na vumbi vinajaa kati ya kondensa ya AC na rejeta, ukiangalia kwa mbele unaona safi kabisa lakini ukifungua ukamulika tochi mwanga hautoki upande wa pili.

Halafu kuna kifuniko cha rejeta, kidude cha bei ndogo kuliko vyote na kwetu huku juu kina kazi kubwa kuliko Dar au Tanga. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi kama 95 hivi, Moshi iko chini kidogo kwa hiyo ni kama 97. Injini ya kawaida inapenda kufanya kazi nyuzi 82 hadi 95, yaani bila kifuniko kinachoshika presha uko ukingoni muda wote. Kifuniko kizima kilichoandikwa 0.9 au 1.1 kinabana presha na kuyapandisha maji mpaka zaidi ya nyuzi 115 kabla hayajachemka. Raba yake ikishakauka maji yanatoka taratibu kwenda kwenye chupa, chupa inamwaga, asubuhi rejeta iko chini na mtu anaambiwa gasketi imeungua. Kuna mwalimu mmoja jirani yangu Sakina aliambiwa atafute injini ya Spacio yake, tukabadili kifuniko na mpira mmoja wa juu uliokuwa umepasuka chini ya klipu, ile gari mpaka leo inampeleka shule.

Na jamani themostati, kile kivalvu kinachofungua njia ya maji injini ikipata moto, isitolewe. Najua gereji nyingi wakiona gari inachemsha wanaing'oa na kuitupa, "huku kwetu haina kazi". Ina kazi. Asubuhi za mwezi wa saba Arusha kuna baridi kweli, injini isiyo na themostati inatembea ya baridi muda mrefu, inakunywa mafuta, oili haipati joto la kukausha unyevu, na ringi za pistoni zinaisha mapema. Weka mpya inayofunguka nyuzi 82 au ile ambayo gari yako imeandikiwa, itumbukize kwanza kwenye sufuria ya maji ya moto uone inafunguka.

Sasa hivyo vyote viko sawa na bado inachemsha, ndo tunaanza kuishuku gasketi ya hedi. Asubuhi gari ikiwa ya baridi kabisa fungua kifuniko cha rejeta, washa, angalia maji. Mapovu yanayotoka mfululizo bila kukoma ni gesi ya silinda inaingia kwenye njia ya maji. Shika mpira wa juu wa rejeta, kama dakika mbili tu baada ya kuwasha umeshakuwa mgumu wakati injini haijapata hata moto, jibu ni lile lile. Fundi mwenye kile kichupa chenye dawa ya bluu atakionesha wazi, kinawekwa mdomoni mwa rejeta kinanyonya hewa yake na dawa ikigeuka njano ujue ni gesi ya moto. Kwenye oili vuta dipstiki, ukikuta rangi ya chai ya maziwa hapo maji yameingia. Ila usihukumu kwa kuangalia kifuniko cha oili peke yake, kwa baridi ya Arusha gari inayokwenda safari fupi fupi za Njiro hadi mjini inaweza kuwa na utando mweupe pale chini ya kifuniko na gasketi ikawa nzima.

Kipimo cha mwisho ni kompresheni, yaani presha inayobanwa ndani ya silinda, na hapa naomba msome polepole. Kwa 4A-FE, injini ya akina Corolla 110, kitabu cha mafundi cha Toyota kinasema silinda ikiwa nzima isome kama psi 191, isishuke chini ya 142, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 14. Hizo namba ni za usawa wa bahari. Huku kwetu hewa ni nyepesi, kwa hiyo geji inasoma chini kwa kama asilimia 13 hadi 15, injini nzima kabisa inaweza kukupa 165 na hiyo 142 ya mwisho kwetu ni kama 122 hivi. Nimeshamwona fundi anamwonesha mteja geji imesimama 150 anamwambia "unaona mama, imechoka", na silinda zote nne zilikuwa zimelingana. Kinachotakiwa kukutisha ni silinda moja au mbili kuachana na wenzake. Mbili za jirani zikiwa chini pamoja mara nyingi gasketi imeungua katikati yao. Moja ikiwa chini, mwagia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena, ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi.

Ukishakuwa na hizo namba kwenye karatasi, sasa ndo tulinganishe.

Kuchonga hedi na gasketi mpya

Hii ni ya bei ndogo kuliko zote tatu na inafaa pale tu ambapo shida iko juu: gasketi imeungua au hedi imepinda, ila upande wa chini, yaani silinda, pistoni na ringi, hauna tatizo, oili ilikuwa hailiwi kabla ya kuchemsha na hakuna kelele ya beringi. Kosa linalofanyika sana ni kubadilisha gasketi bila kupima hedi, gari inarudi baada ya wiki chache na lawama anapewa aliyeuza gasketi. Simama pale fundi anapopima. Hedi inalazwa juu chini, inasafishwa mpaka gasketi ya zamani iishe yote, rula ya chuma iliyonyooka inawekwa kwa urefu, kwa upana na kwa pembe mbili, halafu ile fila geji (kibati chembamba cha kupimia mwanya) ya milimita 0.05 inajaribiwa kupita chini yake. Kwenye hizi Toyota ndogo za petroli ndo mwisho wa uvumilivu, ikipita yenye 0.05 hedi iende ikachongwe. Na ikishachongwa ijazwe presha kuangalia nyufa, maana mashine ya kuchonga inanyoosha tu, ufa haiugusi.

Pima na uso wa bloku vile vile, hao wawili wanakaliana.

Kufunga nako ni kazi. Matundu ya bolti yakaushwe, yakibaki na maji au oili bolti inaweza kupasua bloku au ikakudanganya kwamba imekaza. Hedi ya 1NZ (injini ya IST) na ya 4A-FE inaanza kukazwa kwa Nm 29 kutoka katikati kwenda nje, kisha kila bolti robo mzunguko, kisha robo mzunguko tena. Fundi anayekaza kwa bomba refu na kusikilizia mkono, mwambie ukweli kaka mi nataka spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kama hana akaazime. Ukimwona anakasirika tafuta mwingine, hakuna ubaya.

Ovahoo

Hapa unafungua mpaka chini, ringi, beringi za krenki, sili zote, valvu zinasagwa, hedi inachongwa, na kama silinda zimeliwa zinapanuliwa na kuwekwa pistoni za ovasaizi. Uzuri wake ni kwamba unajua kilichomo ndani. Namba ya injini haibadiliki, kadi ya gari inabaki ilivyo, waya na kompyuta ni zile zile zinazojuana. Ubaya ni muda na uaminifu wa mnyororo mzima wa watu, kuna fundi, kuna mtu wa mashine ya lethi, kuna muuza spea, mmoja akileta ringi feki kazi ya wote inaharibika. Na ovahoo nusu, ile ya "tunabadili ringi tu tunafunga", mimi siipendi kabisa kwenye silinda ambazo zimeshaliwa, ringi mpya kwenye silinda yenye umbo la yai haikai, baada ya muda mfupi moshi wa bluu unarudi.

Ila jambo linaloamua zaidi ya fundi ni bloku yako ni ya chuma au ya aluminiamu. 4A, 5A, 7A za akina Corolla 110 na Carina, 3S ya Noah ya zamani ile ya SR40, pia 1HZ ya Land Cruiser za utalii, hizo bloku zake ni chuma, silinda zinapanuliwa, injini inaanza maisha mapya. 1NZ ya IST, Spacio na Premio ndogo, na 1ZZ ya Wish na Allion 1.8, hizo bloku ni aluminiamu yenye koti jembamba la chuma ndani, Toyota hakuzitengenezea kupanuliwa. Kwa hiyo ukiambiwa ovahoo ya 1NZ muulize fundi, silinda zikikutwa zimeliwa utafanya nini? Akisema tutapanua, hapo mwombe akuoneshe nyingine aliyowahi kufanya na inatembea.

Injini ya mtumba

Faida yake ni haraka. Unaenda Unga Limited au unaagiza Dar, ndani ya siku chache gari iko barabarani, na kwa injini ndogo zinazoingia kwa wingi kama 1NZ na 5A mara nyingi inakuja bei ya chini kuliko ovahoo kamili iliyofanywa kwa haki. Kwa mtu wa Noah ya abiria ambaye kila siku gari ikilala ni hela imepotea, hilo ni jambo kubwa na namwelewa.

Shida ni kwamba unanunua maisha ya mtu mwingine. Injini imepakwa rangi ya fedha na imeoshwa kwa mvuke, inang'aa, na haikwambii chochote. Fungua kifuniko cha oili umulike ndani, chuma kiwe na rangi ya dhahabu au kahawia safi, ukiona tope jeusi limeganda achana nayo. Tazama kwenye matundu ya maji, kutu nyekundu nzito maana yake ilikuwa inawekewa maji ya bomba tupu. Izungushe kwa spana kwenye puli ya krenki ikiwa imetolewa plagi, iende laini mizunguko miwili mizima bila kukwama. Halafu omba kompresheni hapo hapo chini, wanaweka betri na stata, dakika kumi imekwisha, muuzaji anayekataa hilo mimi naondoka hata kama bei yake ni nzuri vipi. Makubaliano ya kurudisha yaandikwe, siku ngapi na kwa shida gani, pamoja na risiti ya EFD yenye namba ya injini.

Angalia pia kama inafanana kweli na ya kwako. 1NZ za mwanzo throto yake (mlango wa hewa ya injini) inavutwa na kebo na za baadaye ni ya umeme, kompyuta ni tofauti, ukikosea hapo utalipa fundi umeme zaidi ya ulichookoa. Na ikiwa bado iko chini badili wota pampu, themostati, sili ya nyuma ya krenki, na kama ni 5A au 3S badili taimingi beliti, usifunge ile iliyokuja nayo. Kuvifanyia hivyo gari ikishafungwa ni kulipa ufundi mara mbili.

Kingine ambacho madalali hawakisemi: namba ya injini ikibadilika lazima taarifa zibadilishwe TRA (mamlaka ya mapato) ili kadi ifanane na kilichomo kwenye gari. Watu wanaliacha hili miaka mingi, wanakuja kukwama siku wanauza au siku ya ajali bima inapoanza kukagua. Kwa hiyo karatasi za ile injini unazipokea siku ile ile unayolipa.

Sasa kwa injini yako wewe

5A, 4A, 3S: hedi imepinda na chini ni wazima, chonga hedi ufunge, bila kufikiria mara mbili. Silinda zimeliwa, hapo mtumba mzuri uliopimwa na ovahoo kamili vinakaribiana sana, mimi ningeenda na ovahoo kama gari haina haraka na namwamini mtu wa lethi, la sivyo mtumba.

1NZ: hedi ikigoma chonga, chini ikigoma mtumba.

1ZZ ni kesi nyingine kabisa. Zile za kabla ya 2005 hivi zina ugonjwa wa kuzaliwa wa kula oili, matundu ya kurudisha oili kwenye pistoni ni madogo na machache, yanaziba kwa masizi, ringi za oili zinaganda. Toyota mwenyewe alikuja kubadili pistoni. Ukinunua mtumba wa 1ZZ wa miaka ile ile umenunua ugonjwa ule ule ukiwa na rangi mpya. Hapa kama silinda hazijaliwa ovahoo yenye pistoni za toleo jipya inashinda mtumba, hata kama inachukua muda mrefu zaidi.

1AZ ya Noah AZR60, RAV4 ya 2.0 na Premio ya D4. Hii inawatesa watu wengi na wengi hawaambiwi ukweli. Nyuzi za bolti za hedi zinang'oka kwenye bloku ya aluminiamu, hasa upande wa nyuma, hedi inanyanyuka kidogo, maji yanavuja nyuma ambako huoni, gari inachemsha. Ukichonga hedi na kuweka gasketi bila kugusa zile nyuzi umetupa hela, bolti zitakataa kushika kwenye ile robo mzunguko ya mwisho ya kukaza. Dawa yake ni kutoboa matundu na kuweka nyuzi za chuma za kudumu, matundu yote kumi, siyo lile moja lililokataa leo, na itobolewe na mtu mwenye vifaa vya kuisimamisha drili wima. Mtumba wa 1AZ nao unaweza kuja na shida hiyo hiyo, na huwezi kuiona mpaka ufungue hedi. Kwa hiyo kwenye 1AZ mimi nachagua kutengeneza bloku niliyonayo.

1KZ ya Prado na Surf, hedi yake ni aluminiamu na inapenda kupasuka katikati ya valvu. Usichonge kabla ya kuipima nyufa. Ikiwa imepasuka nunua hedi mpya tupu au kamili, usikubali ya kuchomelea kwa gari inayopanda milima ya Rombo kila siku, na kabla ya kuifunga hiyo mpya osha rejeta mpaka maji yatoke safi, kama haisafishiki ibadilishe, maana mara nyingi rejeta iliyoziba ndo iliyoiua ile ya kwanza.

1HZ wenye gari za utalii wanajua, ovahoo. Bloku ni chuma, spea zipo, mtumba wake una bei kubwa na wengi wanaouza wanauza kwa sababu imechoka. Muhimu kwake ni taimingi beliti kila kilomita 100,000, ikikatika valvu zinagongana na pistoni na hapo mjadala wa hedi unakuwa mwingine.

Njia yoyote utakayochukua jaza kulanti (dawa ya rejeta) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na madini, toa hewa yote kwenye mfumo ukiwa na hita imefunguliwa, na baada ya safari ya kwanza acha gari ipoe kabisa usiku kucha, asubuhi fungua kifuniko uangalie usawa wa maji kabla hujawasha. Ukikuta yameshuka ongeza, asubuhi inayofuata angalia tena, yakishuka mara ya pili rudi kwa fundi siku hiyo hiyo kabla gari haijapata nafasi ya kuchemsha.